Koneksheni yangu ilitoka kwenye grupu la michango ya harusi (uzi mrefu kwa wanaotafuta kazi)

LejaSafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni ausome akitulia. Nimewaandikia walio nyumbani mwaka wa kwanza, wa pili au wa tatu tangu wamalize chuo, ambao kila wakiuliza wanaambiwa "bila koneksheni hupati kazi". Halafu hakuna anayewaeleza hiyo koneksheni inapatikanaje kwa mtu asiye na mjomba ofisini.

Mimi nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Nilimaliza 2021, nikarudi Mwanza kwa dada yangu, Buhongwa, nikakaa miezi 19 bila kazi. Nilikuwa kwenye magrupu 14 ya WhatsApp ya matangazo ya kazi na chaneli kadhaa za Telegram. Tangazo moja nilikuwa nalipata mara sita kwa siku, maana kila grupu linalirusha. Sikuwahi kujiuliza: kama mimi peke yangu limenifikia mara sita, wenzangu walioliona nchi nzima ni wangapi? Nilituma maombi zaidi ya 200 kwa barua pepe. Yaliyojibiwa ni matatu, na jibu moja kati ya hayo lilikuwa la tapeli.

Kazi niliyonayo leo sikuiona kwenye tangazo lolote.

Binamu yangu alikuwa anaoa. Kamati ikaundwa, grupu likafunguliwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na muda, nikapewa uhazini. Mnajua grupu la michango lilivyo. Watu 180, wachache ndugu, wengine wanafanya kazi na bwana harusi, wengine majirani wa zamani, wengine hata bibi harusi hawajawahi kumwona. Kila usiku saa tatu nilikuwa nabandika orodha: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki, jumla chini. Sikufanya ule mtindo wa kunakili orodha ya jana na kuongeza jina, maana ndipo makosa yanapozaliana hadi watu wanagombana. Nilikuwa nayo kwenye Excel, na kila muamala naulinganisha na ujumbe wake wa simu kabla sijaandika. Mtu akilalamika kwamba mchango wake hauonekani, ndani ya dakika tano namtajia tarehe na saa uliyoingia.

Wiki moja baada ya harusi nikabandika hesabu ya matumizi. Ukumbi, chakula, muziki, mapambo, usafiri, kila kitu na picha ya risiti yake, na salio la 84,500 nikalikabidhi kwa wazazi mbele ya mwenyekiti wa kamati. Hakuna aliyekuwa ameniomba. Niliona tu kwamba fedha ya watu haiachwi hewani.

Siku ya pili yake mtu nisiyemfahamu akaniandikia pembeni: "Kijana, hongera kwa hesabu. Unafanya kazi wapi?" Alisoma sekondari na bwana harusi, walikuwa hawajaonana miaka mingi, aliingizwa kwenye grupu kwa ajili ya mchango tu. Hakuwa na kazi ya kunipa. Ila shughuli zake za usambazaji zilimfikisha kwenye ghala moja Dar, barabara ya Nyerere, na alisikia mtunza stoo wao anaondoka mwisho wa mwezi. Tangazo lilikuwa halijaandikwa. Usaili wangu ulikuwa rafu moja na leja yake, yaani daftari la mzigo unaoingia na kutoka: hesabu mzigo, linganisha, tuambie tofauti iko wapi. Nikaiona. Niliajiriwa mwanzoni mwa 2023, na bado niko palepale.

Jambo hili nimelifikiria sana. Dada yangu aliniombea kila siku. Rafiki zangu wa chuo walinipenda kwelikweli, lakini hawakuwa na kazi kama mimi, na tangazo waliloliona wao ndilo nililoliona mimi. Aliyenifungulia mlango ni mtu ambaye njia zake na zangu hazikutani, ndiyo maana alijua nisichokijua. Na alikuwa ameiona kazi yangu usiku baada ya usiku, kwa karibu miezi miwili, kabla ya kuniuliza chochote.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anafundisha kwamba mtandao ni mahali pa kubandika CV na kuandika "natafuta kazi yoyote halali", naumia. Anayesoma "kazi yoyote" hakumbuki chochote. Siku bosi wake akisema "tunahitaji mtu wa stoo", jina lako halimjii. Kule LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, ule mstari ulio chini ya jina lako unapokea herufi 220. Wengi wameandika "Mhitimu, natafuta ajira". Andika unachoweza kushika kesho asubuhi: "Mtunza stoo. Leja, kuhesabu mzigo, kufuatilia dawa zinazokaribia kuisha muda."

Hilo la dawa nalisema kwa sababu nililifanya. Miezi ile ya nyumbani nilimwomba mama mmoja mwenye duka la dawa pale mtaani nimpangie rafu bure, kwa utaratibu kwamba kinachoisha muda mapema ndicho kinachotoka kwanza. Tulikuta katoni nzima nyuma kabisa imebakiza wiki tano. Ningekuwa na akili ya leo ningepiga picha, nikaandika mistari sita, nikaweka WhatsApp Status na LinkedIn. Sikufanya. Nyinyi fanyeni.

Naomba wenye uzoefu waongezee, na wenye swali waulize. Nipo.

Kabwela wa Mbagala

Mkuu hongera, na nakuamini. Ila niseme linaloniuma. Wewe umepata kwa kujuana, ila hiyo kujuana umeipa jina zuri tu. Kuna kijana ana ufaulu kuliko wewe, hakualikwa harusi ile, na nafasi ile haikutangazwa. Yeye amekosea wapi? Tukisifia koneksheni tunahalalisha undugunaizesheni ileile inayotuua.

LejaSafi

Hapana, hujakosea kuuliza. Hata mimi nimejiuliza. Ninachojua ni kwamba yule bwana si ndugu yangu, hakunipa kazi, na angempa taarifa ile yeyote ambaye ameona kazi yake. Undugunaizesheni ni mtu asiyejua kutofautisha leja na daftari la mahudhurio kuwekwa stoo kwa sababu ya ukoo wake. Lakini hiyo nafasi kutotangazwa, ndiyo, kuna walioumia, na sitasema ni haki.

Kwa kazi za serikali njia ni tofauti na watu wasichanganye. Ile ni Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Unajaza wasifu, unapakia vyeti vilivyothibitishwa, unaitwa kwenye usaili wa kuandika kisha wa ana kwa ana, na majina ya kuitwa kazini yanatoka hadharani. Ukifaulu nafasi zikawa zimejaa, unabaki kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa baadaye. Mtu akikwambia ana "mtu wake" wa kukupitisha pale, anatafuta fedha yako. Mtandao unakusaidia kwa jambo moja tu: kupata wenzako wa kada yako mkajiandaa pamoja kwa usaili. Hilo lina faida kubwa sana.

Mama Rasilimali

Nimekaa ofisi za rasilimali watu miaka 16, sekta binafsi. Naomba nieleze kinachotokea upande wa pili wa meza, maana vijana wanadhani tunawachukia.

Nafasi moja ya karani, tukiitangaza mtandaoni, maombi yanaingia mamia ndani ya siku tatu. Mengi yanatoka kwa watu ambao hawakusoma tangazo. Tunataka mhasibu, anaomba mwalimu wa biolojia. Nikifungua barua pepe nakuta faili 90 zote zinaitwa "CV". Mwanangu, andika jina lako na nafasi unayoomba kwenye faili. Ni dakika moja. Nampigia mtu simu haipatikani siku nne. Nawapigia wadhamini aliowaandika, mdhamini anashangaa: "Nani huyo?" Mjulishe mtu kabla hujamwandika.

Sasa, mfanyakazi wangu akinijia na kusema "kuna kijana namfahamu, niliona anavyofanya kazi", nitaifungua ile faili kwanza. Ndiyo. Sifichi. Atafanya usaili kama wengine na akishindwa anarudi nyumbani, lakini nimeifungua. Sababu si undugu. Yule mfanyakazi ameweka heshima yake pale. Kijana akija kuwa mwizi, aibu ni ya aliyemleta.

Na ndiyo, naangalia mitandao yenu. Si kutafuta nani anakwenda baa, hilo halinihusu. Naangalia mtu anavyojibizana. Mtu anayetukana wazazi wa watu kwenye maoni ya mpira simweki mapokezi. Kuna binti mmoja nilimwita kwenye usaili kwa sababu chini ya tangazo letu alikuwa amemjibu kwa upole mtu mwingine aliyeuliza mwisho wa kutuma maombi ni lini. Sisi wenyewe hatukuwa tumejibu.

Kabwela wa Mbagala

Shikamoo mama. Nimekuelewa hapo kwenye aibu ya aliyemleta. Bado moyo haujakubali yote lakini nimekuelewa.

Mwalimu wa Takwimu

LejaSafi, ulichokigundua kwa uzoefu wako kimefanyiwa utafiti. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu, yaani ya watu mnaofahamiana kwa mbali. Aliwahoji watu waliokuwa wamebadili kazi karibu na jiji la Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, wasiofika 17 katika 100 ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Takriban 56 walikuwa wakionana mara moja moja, na 28 kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Maelezo yake ni hayohayo yako: watu wako wa karibu wanajua unachokijua.

Mwaka 2022 watafiti wakalipima upya kwa LinkedIn yenyewe, kwa taarifa za watu milioni 20 katika miaka mitano, wakachapisha katika jarida la Science. Wakakuta kwamba wanaosaidia zaidi ni wale walio katikati: si ndugu wa damu, si mgeni kabisa, mtu mnayefahamiana kwa mbali mkiwa na wachache mnaowajua wote. Na kuna jambo moja ambalo kwetu ni kubwa. Kwenye sekta zilizozama zaidi katika teknolojia ya kidijitali, hao wa mbali ndio waliosaidia zaidi. Kwenye sekta zisizotegemea sana teknolojia hiyo, mahusiano ya karibu yalibaki na nguvu. Kwa hiyo fundi ujenzi asiache kumsalimia jirani yake ati kwa sababu amefungua LinkedIn.

Fundi Baridi

Nathibitisha. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, Arusha, nimesoma VETA, chuo cha ufundi stadi. Wateja wangu wananiona kwenye WhatsApp Status, lakini ajira ya kudumu hotelini nilipewa na fundi mwenzangu niliyemwazima geji ya gesi. LinkedIn sina. Nilikuwa na wafuasi wengi X (zamani Twitter), Mei 2025 ikaacha kufunguka bila VPN, ile programu ya kufungulia mitandao iliyozuiwa, nikapotezana nao. Weka namba za watu wako kwenye daftari, usiiachie kampuni ya mtandao ikutunzie.

Binti Sumbawanga

Naomba nizungumze kwa niaba ya wanawake, maana ushauri wa "jitangaze, waandikie watu" unatuangukia tofauti.

Mwaka ule niliofungua LinkedIn na kuweka ile alama ya kijani ya kutafuta kazi, ndani ya wiki mbili nilipata ujumbe kutoka kwa wanaume watano. Mmoja alisema ni meneja. Mazungumzo yalianza na CV, yakaenda kwenye picha, yakaishia "tukutane hotelini Jumamosi jioni tujadili nafasi". Nilikuwa nimekaa bila kazi miaka miwili na kodi nadaiwa. Watu wanadhani ni rahisi kukataa. Nilikataa, nikalia usiku kucha, nikijiuliza kama nimeitupa riziki yangu.

Wadada, ile ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai. Ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Usifute ujumbe hata ukikutia kichefuchefu, ndio ushahidi. Usaili unafanyika ofisini, mchana, na mtu wako anajua ulipo.

Kilichonisaidia mimi ni wanawake wenzangu. Nilianza kuwaandikia wanawake waliotangulia kwenye fani yangu, mmoja kwa wiki, nikiwauliza walianzaje. Hata waliokuwa hawana cha kunipa walinijibu kwa utu. Wa tisa ndiye aliyeniambia kuna shirika linatafuta mtu wa takwimu za mradi. Bado tunasalimiana.

Mzee Nanenane

Nami niongeze la matapeli, kwa sababu kijana wangu aliliwa 150,000. Alipata barua yenye nembo nzuri, "umechaguliwa", akatakiwa kulipia vipimo vya afya na sare kabla ya kuripoti. Namba ya kupokelea fedha ilikuwa ya mtu binafsi. Alikopa kwa mama yake. Siku ya kuripoti alifika na begi, akakuta jengo lenye kampuni nyingine kabisa, na mlinzi akamwambia yeye ni wa nne wiki ile.

Mwajiri wa kweli hakuombi hela ili akuajiri. Kabla hujatuma chochote, tafuta jina la kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, piga simu ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye barua. Ujumbe wa kitapeli na namba yake vitume 15040. Na msiweke namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na picha ya kitambulisho kwenye magrupu. Nimeona vijana wanabandika CV nzima na namba ya kitambulisho mbele ya watu elfu moja wasiowajua.

Kahama_Uchenjuaji

Shikamooni. Mimi ni binti, nimemaliza Chuo cha Madini Dodoma, uchenjuaji (kuyatoa madini kwenye mawe), mwaka wa pili sasa nipo nyumbani Kahama. Nimeusoma uzi wote mara mbili. Kuna mama msimamizi wa mtambo nimemwona LinkedIn. Nimeandika hivi, sijatuma: "Habari za kazi. Naomba unisaidie kazi yoyote hapo kwenu, nina stashahada, hali ni ngumu sana, Mungu atakubariki." Nitume?

LejaSafi

Usitume, mdogo wangu. Hakuna kosa la adabu humo, ila mama huyo hatajua afanye nini na ujumbe huo. Hajui unaweza nini, na hana kazi mfukoni, kwa hiyo atanyamaza. Niambie kwanza: mafunzo kwa vitendo ulifanyia wapi na mikono yako ilishika nini?

Kahama_Uchenjuaji

Miezi mitatu, mtambo wa elusheni Geita, ule wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni. Nilikuwa napima pH (kiwango cha asidi) na nguvu ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kila baada ya saa mbili na kujaza kwenye daftari la zamu. Msimamizi alinisifu kwa daftari.

LejaSafi

Unaona sasa! Andika hivyohivyo:

"Shikamoo mama. Naitwa (jina), nimesoma uchenjuaji Chuo cha Madini Dodoma. Nilifanya mafunzo miezi mitatu kwenye mtambo wa elusheni Geita, nikipima pH na sayanaidi kila saa mbili na kutunza daftari la zamu. Nimeona umesimamia mitambo miaka mingi. Ukipata nafasi, naomba dakika kumi za simu unieleze mtu anayeanza zamu huwa mnamwangalia kitu gani kwanza. Najua huenda hamna nafasi, nahitaji maelekezo yako. Asante, mama."

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kumi. Akinyamaza tena, mwache kwa heshima, mwandikie mwingine.

Mama Rasilimali

Huo ujumbe hata mimi ningeujibu.

Kahama_Uchenjuaji

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Mama hakujibu mwanzoni. Nikamkumbusha siku ya kumi, akanipigia mwenyewe, tumeongea nusu saa. Kwao hamna nafasi. Aliniuliza kama nakumbuka cha kufanya pH ikishuka ghafla, nikamjibu unaongeza chokaa maana ikishuka sana sayanaidi inageuka gesi ya sumu. Akanyamaza kidogo, akasema kuna mtambo Chunya umekosa mtu wa zamu ya usiku, akanipa namba. Nimepiga. Wananihitaji Alhamisi saa nne asubuhi kwa usaili, hawajaomba hela yoyote, na ofisi nimeithibitisha kama alivyoshauri mzee. Nimeambiwa mabasi ya Tabora kwenda Mbeya yanapita Chunya. Simjui mtu kule. Kuna anayejua mahali pa kulala palipo salama?

Binti Sumbawanga

Mdogo wangu, usilale gesti. Shangazi yangu anaishi Chunya mjini, anauza vitenge karibu na soko. Nimeshampigia, amesema uje tu. Namba yake nakutumia pembeni sasa hivi.